Viatu Vyenye Unga

Wifi yake msusi aliingia saluni amekumbatia kitabu kama mtoto mchanga.

"Wifi, tumeandikwa! Riwaya ya mauaji, mambo ya kale, na mji ni huu huu wetu! Kinu cha unga kimo, kisima kimo, hata mtaa wetu wa mteremko!"

"Kaa kwanza," msusi alimwambia akicheka. "Sifa hazisuki nywele."

Wifi akainamisha kichwa, akaanza kusoma kwa sauti huku akisukwa. Alipogeuza jalada kumwonyesha picha ya mwandishi, msusi aliuachia msuko. Msusi alimjua mwanamke yule. Mwaka juzi alikaa kwenye kiti hiki hiki kutwa nzima akisukwa rasta nyembamba, na rasta zenyewe ndizo hizo pichani.

Rasta nyembamba husukwa kwa mikono, lakini mteja hushikwa kwa maneno. Kila msusi analijua hilo. Siku ile, umbea wa ndoa ulipokauka, alimsimulia mgeni habari ya mlinzi wa kinu aliyekutwa amekufa juu ya magunia, enzi za mababu, na muuaji asijulikane hata leo. Mgeni akauliza, "Ikawaje?" Hapakuwa na zaidi. Hadithi imekwisha, kichwa bado nusu. Basi akaitia chumvi: alfajiri ile, mwoka mikate wa kwanza wa mji alionekana kisimani akiosha viatu vyenye unga.

Mwoka mikate huyo alikuwa babu wa mumewe. Babu wa wifi huyu huyu, anayeoka kwenye tanuri lile lile.

"'Mwoka mikate aliinama kisimani...'" Sauti ya wifi ikafifia. "Wamemfanya babu muuaji! Babu, aliyekuwa anaomba radhi hata kwa panya!"

"Hadithi tu hiyo, wifi."

"Hadithi gani yenye tanuri letu ndani? Kesho nani atakula mkate wangu asinitete? Huyu kaambiwa na mtu." Akafikiri kidogo. "Shangazi. Mdomo ule hauna mlango. Akija jioni, simfungulii. Hata nikifa, asikanyage msibani kwangu."

Shangazi ndiye aliyewalea, yeye na kaka yake. Msusi alimwona kwa macho ya moyo: bibi wa watu atalia, ataapa, na hakuna atakayemwamini, maana domo kweli analo. Kunyamaza kulikuwa rahisi kama kumeza mate. Akameza. Hayakushuka.

"Si shangazi," akasema. "Ni mimi. Na hakuna aliyemwona babu kisimani. Viatu nilivitunga mwenyewe, hapa hapa, nikisuka."

Wifi hakugeuka.

"Watu wote wa mji huu. Kwa nini babu?"

"Nilikuwa natafuta mtu mwenye unga viatuni."

Wifi akakitoa kichwa chake mikononi mwa msusi taratibu, kama anayechomoa nguo kwenye mwiba. Upande mmoja umesukwa, wa pili umesimama timtim.

"Wifi, ngoja basi nimalize. Utapitaje hivyo barabarani?"

"Shangazi atanimalizia," akajibu, akatoka mchana kweupe, kichwa wazi, na kitabu akamwachia.