Safu ya Waliorudi

Ofisini wananiita Bi Sekunde, na sikatai. Kazi yangu ni kupima mtu anachukua muda gani kuvuka barabara, ili taa ya kijani ya waenda kwa miguu isizimike akiwa bado katikati ya magari. Fomu yangu ina safu mbili: aliyevuka akitembea, aliyevuka akikimbia. Niliitunga mwenyewe na nikaionea fahari kupita kiasi.

Wiki ile nilikuwa namalizia kivuko cha mtaa wetu, kilichowekwa taa mpya miezi minne iliyopita. Watu elfu moja na mia mbili, karibu wote wamevuka ndani ya sekunde kumi na tano. Mhandisi wa taa alisimama mlangoni kwangu akitaka namba.

"Kumi na tano zilizopo zinatosha? Nikishazifunga, haziguswi tena miaka mitano."

"Zinatosha na kubaki. Kesho nakuletea ripoti, nimebakiza video za kamera za Jumapili tu."

Mama anaishi ng'ambo ya barabara hiyo, mimi upande huu. Zamani alikuja kwangu kila Jumapili. Sasa miezi minne haji. Nikimpigia simu, ana wageni, ana nguo za kufua, mara ngazi zangu ni ndefu. Nikajua amenisusa kwa kuwa nilihama kwake, na mimi nikanuna nikaacha kwenda. Kununa tumerithiana.

Mchana nikafungua video ya Jumapili iliyopita. Mama alikuwa amesimama ukingoni na sweta lake la kijani, begi la kitambaa mkononi. Taa ikawaka. Akashusha mguu mmoja barabarani, akaitazama taa, akaurudisha. Watu wakampita kushoto na kulia. Taa iliwaka mara sita, na mara sita akashusha mguu akaurudisha. Kisha akageuka akaenda zake.

Nikafungua Jumapili ya kabla yake. Yupo. Na ya kabla ya hiyo. Halafu nikaanza kuwaona wengine: mzee wa magongo, mama mwenye mapacha, kijana aliyefungwa bandeji mguuni. Wiki tatu nzima, siku za kazi nilizosimama pale na saa, watu kama hao walikuwa mbele ya macho yangu, na sikumhesabu hata mmoja kwa sababu hawakuvuka. Nililia pale pale mezani, nikijiziba mdomo kwa mkono wa koti.

Jioni nikaenda kwake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Majirani wote nimewaambia taa ile ni ya mwanangu. Nitaanzaje kuisema vibaya?"

Nikachukua chaki, nikapima uani kwake upana wa barabara ile, nikachora mstari huku na huku, nikamwomba avuke. Akaondoka mbio mbio, mabega juu, kama anakimbilia basi.

"Mama, usinipendelee. Tembea kwa mwendo wako."

"We mtoto una amri!" Akarudi mwanzo, akatembea. Sekunde ishirini na sita.

Asubuhi fomu yangu ilikuwa na safu ya tatu: aliyerudi. Nilikuwa nimekesha na video zile, na safu ilikuwa na watu mia moja na wanne. Mhandisi aliisoma mara mbili.

"Ishirini na nane? Madereva watanila nyama."

"Waambie waje waanze na mimi. Na jana nilikudanganya, zile kumi na tano hazitoshi."

Alikuna kichwa, kisha akaandika namba.

Jumapili nilisimama ukingoni upande wangu, bila saa mkononi. Taa ikawaka. Mama alishusha mguu mmoja, akasubiri kidogo, akashusha wa pili. Alikuja polepole, macho mbele, magari yamesimama yanamngoja. Alipofika, taa ilikuwa bado kijani. Nikafungua mikono nimkumbatie, yeye akanipachika begi.

"Nishikie," alisema, akageukia barabara. "Ngoja nirudie. Majirani hawajaniona."