Kitabu Tulichokizika

Jumatano moja ya mwezi wa tano, mwaka 2001, binti yangu Ghaniya alikuwa anajitayarisha kwenda soko la wanawake hapa Ibra, Omani, simu ikalia. Akaipokea, akanitazama.

"Baba, kuna mama moja, kutoka Kenya. Anasema ulifanya kazi kwenye kanisa yao."

"Si kanisa. Sinagogi. Ya Mayahudi."

"Wallahi? Na hukutuambia?"

"Hamkuuliza."

Nani angeuliza? Tangu nije hapa mwaka themanini, kila ofisi walitaka cheti. Mimi nimesoma chuo cha Kurani na darasa tatu, basi. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyetaka kujua ninachokijua. Na ninachokijua ni vitabu. Miaka kumi na tano nilitunza maktaba ya sinagogi ile: chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kusalia, makabati manne. Familia ikifunga mizigo kuhama, inatuachia maboksi ya vitabu. Mimi navifuta, nabandika karatasi yenye jina la aliyetoa, navipanga. Kiebrania sikijui. Lakini vinafunguliwa kuliani kama msahafu, kwa hiyo sikuwahi kukiweka hata kimoja kichwa chini. Wenyewe Mayahudi ndio walioviweka hivyo.

"Marhoun! Wewe iko mzima?"

Sauti imezeeka, ila niliijua. Bibi Zelda, mke wa mwenyekiti wa kamati yao.

"Mzima, Bibi. Nimefiwa na mke tu."

"Kuruthum? Ole wangu. Alikuwa na nini?"

"Alikuwa na madaktari. Walimpa miadi ya miezi mitatu, yeye hakungoja."

Akanipa pole. Kisha akaniambia maktaba ilifungwa siku nyingi, mvua ikaingia, na sasa anaifufua, anaandikia watu kila mahali wamletee vitabu. Lakini hakunipigia kwa hilo. Alitafuta kitabu kimoja cha sala, cha ngozi nyeusi, alichokitoa kaka yake, Bwana Leo.

"Siku aliyokufa mama yetu iliandikwa humo, ukurasa wa mbele."

Mama yao alifia Ulaya wakati wa vita, kaburi halijulikani. Habari ilimfikia Leo kwa barua, naye akaiandika kitabuni. Kwao, mtoto huwasha taa kila mwaka siku aliyokufa mzazi wake, kwa tarehe ya kalenda yao.

"Nilimwachia Leo aiwashe," akasema. "Alipokufa, kila mwaka nasema nitakwenda kuangalia. Mwaka huu nimekwenda, hakipo. Nina miaka sabini, Marhoun. Sijamwashia mama yangu taa hata moja."

"Tulikizika, Bibi."

Kwao kitabu chenye jina la Mungu kikichakaa hakitupwi, kinazikwa makaburini. Hata sisi kurasa za msahafu hatuzitupi.

"Bwana Leo alikuwa keshakufa, mwenyekiti akaamuru kila kilichochanika kiingie guniani," nikasema. "Nikamwambia kimoja kina maandishi ya mkono. Akanijibu kazi yangu ni kufuta vumbi."

"Mwenyekiti alikuwa mume wangu."

"Najua, Bibi. Ndiyo nakwambia."

Nikadhani atakata simu. Basi nikamwambia na lile ambalo sikupata kumwambia mtu: gunia nililifunga mimi. Ningekificha nyuma ya kabati, nani angejua?

"Kimeshaoza," akasema polepole.

"Kimeoza."

Hapo likanijia jambo lililokuwa likinitatiza zamani.

"Bibi, Bwana Leo alikuja kukisoma mara moja kwa mwaka. Mimi nilidhani anafuata miezi yetu, maana kila akija, Kuruthum kafunga."

Marehemu mke wangu akifunga zile siku nyeupe za kila mwezi, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano. Leo alikuja siku ya kwanza yake. Sikuletewa chakula, na Leo naye amefunga, kumbe kwa ajili ya mama yake. Tunakaa wawili chumbani, tunasikilizana matumbo.

"Lakini miezi haikulingana. Mwaka mmoja ni mwezi wa Mfunguo Nne, mwaka wa mbele yake Mfunguo Tano. Nikasema huyu kapotea hesabu."

"Hakupotea!" Sauti ikapanda. "Miezi yetu nayo ni ya mwandamo, ila tunaongeza mwezi mzima kila miaka miwili, mitatu, sikukuu zisihame majira. Yalikuwa majira gani? Fikiri!"

"Masika. Nimeshamaliza kuvikung'uta."

Kila mwaka kabla ya Pasaka yao nilivikung'uta vitabu vyote, kimoja kimoja, isibaki humo chembe ya mkate, maana siku hizo mkate wenye hamira ni mwiko kwao.

"Baada ya kukung'uta siku ngapi?"

"Mwezi mmoja, Bibi. Kamili."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Basi ni mwezi wetu wa Iyari, unaofuata ule wa Pasaka. Kumi na tatu."

"Au kumi na nne. Sisi tunangoja mwezi uonekane, na wakubwa wetu hawaishi kugombana, huyu kauona, huyu hakuuona. Hiyo siku moja siwezi kukuapia."

"Wakubwa tena!" akasema. Akahesabu kwa kunong'ona. "Inaanza Jumamosi hii usiku ukiingia. Nitawasha, na Jumapili nitawasha tena."

Nilipoweka simu, Ghaniya alikuwa bado mlangoni, soko kalisahau.

"Baba, kitabu inazikwa vipi? Inasaliwa?"

Nikamwambia avue buibui, akae.