Firigisi ya Polycarpe

Kila jeshi lililopita Bukavu tangu mwaka wa tisini na sita lilianza na kuku. La kwanza liliwala likikimbia, la pili likiingia, la tatu likihubiri ukombozi huku limeshika mapaja. Ndiyo maana Mama Rosalie alimbeba kuku wake mgongoni kutoka Nyantende, amemfunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, na kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi wakampisha bikizee na mjukuu wake.

Jumapili hiyo, baada ya misa, kuku yule alikuwa ndani ya tanuri la umeme, amelazwa juu ya viazi, amepakwa kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Virginie, mkwe wa Mama Rosalie, aliegemea ukuta wa jikoni. Kwa miezi kumi na tisa alikuwa akifundisha bila mshahara, na kwa miezi hiyo hiyo mumewe Polycarpe hakuonekana. Wanajeshi walimshusha garini akitoka kazini Lwiro, mchana kweupe, mbele ya abiria wote. Kila mlango aliobisha Virginie ulimjibu neno moja: tunafuatilia. Wafuatiliaji wamenenepa tangu siku ile.

Mgeni wa leo alikuwa Donatien, mdogo wake Polycarpe, aliyejipatia kiti katika utawala wa waasi. Aliagiza mwenyewe kuku wa kuokwa na viazi, kama kaka yake alivyopenda, na mama yao awepo mezani. Virginie hakuhitaji kuelezwa. Katika nyumba hii, kama kwa majirani wote, firigisi ya kuku huliwa na mwenye nyumba. Mara mbili tu walikuwa wamepata kuku tangu Polycarpe apotee, na mara zote mbili Virginie alimwekea firigisi yake kwenye bakuli mpaka ikaoza. Donatien akiila leo mbele ya mama, basi Polycarpe amekufa na nyumba imepata mwenyewe. Mihuri kwenye hati za nyumba ingefuata tu.

Saa sita na nusu taa ya tanuri ikazimika, ngozi ya kuku ikiwa bado nyeupe.

"Courant imekwenda," alisema Mama Rosalie.

"Imekwenda kwa wakubwa, Maman."

Virginie akahamishia kila kitu kwenye sufuria kubwa, akawasha mbabula, jiko lake la makaa, akaweka makaa mengine juu ya kifuniko ili joto lishuke pia kutoka juu. Akapuliza mpaka macho yakawaka. Mama Rosalie akamsogezea makaa.

"Umupatie ile firigisi, Mama Gloire," akasema. Alimwita hivyo kwa jina la binti wa Virginie na Polycarpe aliyekuwa bwenini.

"Ni weye unasema hivyo? Weye mwenye ulimuzaa Polycarpe?"

"Nilimuzaa, ndiyo maana nachoka kumungoja. Donatien iko muzima. Atakuchunga."

"Atanichunga kwa mulango gani, Maman? Ule wa kutokea?"

Bikizee akaanza kupanga sahani.

Donatien alifika ananukia manukato, akakaa moja kwa moja kwenye kiti cha kaka yake. "Shemeji, harufu iko muzuri," akaita kuelekea jikoni. "Nilizania leo tutakula mbichi."

"Mungetuachia courant kidogo, shemeji, ungekuwa umeshakula."

Akacheka. "Sahani yangu usisahau kitu, eh?"

Virginie akafunua sufuria. Ngozi ilikuwa imekuwa kahawia, viazi vya chini vimeshika na kunywa mafuta yote. Firigisi ilikuwa pembeni, ndogo, kama kitu kisichoweza kumfukuza mtu nyumbani kwake. Mkono ukalifuata bakuli. Kisha akaliona bakuli lile mara ya tatu, mara ya kumi, na harufu ile asubuhi ya nne, na uchovu ukamjaa hadi shingoni. Akaitia firigisi mdomoni.

Hakuwahi kuila maishani mwake. Ilikuwa ya moto, ngumu, katikati haijaiva vizuri. Akaitafuna amesimama, ameshika ukingo wa meza, muda mrefu. Kabla hajaimeza alijua anamzika nani.

Akapakua. Donatien akageuza viazi kwa uma, kimoja kimoja.

"Firigisi iko wapi?"

"Niliikula."

Akacheka tena, peke yake. "Mwanamuke anakulaka firigisi?"

"Mwenye nyumba ndiye anakulaka. Na mwenye nyumba ni miye. Kula, shemeji, paja hilo."

Donatien akamgeukia mama yake ili aamue. Mama Rosalie alikuwa akiitazama midomo ya Virginie, ilivyong'aa mafuta.

"Uliikula yote?"

"Yote, Maman."

Bikizee akaweka kijiko chini. Akafungua kitambaa chake cha kichwa polepole, kama wanavyofungua wanawake kwenye matanga, akaanza kulia bila sauti. Virginie akavuta kiti, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Donatien aliwaangalia, akaangalia mlango. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, akala.