Sukari ya Dharura

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na sipendi kuacha kazi katikati nikimbilie dukani. Ndiyo maana kabatini kwangu sukari, chumvi, sabuni na viberiti havikosekani. Au tuseme havikuwa vikikosekana, mpaka Mama Pacha alipohamia mlango wa pili.

"Jirani, sukari kidogo tu." Kesho yake sabuni. Keshokutwa huyo tena na kikombe kilekile, nami nimeshika kola ya mteja, mdomoni nimebana pini, siwezi hata kukataa. Namwonyesha kabati kwa kidevu, anajipimia mwenyewe.

Jana nikafungua kopo la sukari: tupu, hata sisimizi walishahama. Nikabeba kikombe changu nikaenda kwake nimefura. Akanikaribisha vizuri tu. Mara upepo ukafunua pazia la kona. Mifuko ya sukari imepangwa hadi karibu na dari, na katoni za sabuni, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Mama Pacha! Na hiyo je?"

"Hiyo ni ya dharura, dada. Haiguswi. Tukiimaliza, siku sukari ikiisha kwako tutakimbilia wapi?"

"Kwangu imeisha!" nikapiga kelele. "Dharura ndiyo hii!"

Akanitazama kwa huruma, akakichukua kikombe mkononi mwangu.

"Pole, dada yangu. Kaa hapo, usihangaike," akasema huku akivaa kandambili. "Ngoja nikakuombee kwa jirani wa juu."