Kutoka kwa Mturuki Mpaka Mnarani

Saleha binti Muhanna alisomesha jiografia mjini Ibra, Omani, miaka ishirini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia mguu Ulaya. Aliwachoresha watoto wa watu mito na miji ya bara zima, akawakata alama walipoiweka Vienna mahali pa Budapest, na yeye mwenyewe safari yake kubwa ilikuwa ile moja ya kutoka Unguja kuja Omani, msichana wa miaka kumi na sita. Kila alipotaka kusafiri palizuka jambo. Kwanza watoto, kisha mama mkwe aliyelala kitandani miaka tisa, kisha goti. Sasa watoto wameshaoa, mama mkwe ametangulia mbele ya haki, goti limetiwa chuma, na viza imebandikwa kwenye paspoti. Hakubakiwa na kisingizio.

Alikuwa anakwenda Kopenhagen kwa dada yake, Khole, aliyeishi huko tangu alipoolewa, na sasa ni mjane asiye na mtoto. Zamani Khole alikuwa akija Ibra kila majira ya baridi na sanduku la jibini ambayo hakuna aliyeila. Halafu akaacha kuja. Mwaka wa kwanza alisema tiketi ghali, wa pili akasema mafua, wa tatu hakusema kitu. Saleha alikuwa na hamu na dada yake kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuisema.

"Nataka siku moja tu," alimwambia kwenye simu. "Siku moja tutembee mjini kwa miguu, miye na weye, tangu asubuhi mpaka tuchoke."

"Basi panga weye, mwalimu," Khole akamjibu. "Miye ntakufuata nyuma."

Kazi ilikuwa imempata mwenyewe. Siku ya pili yake Saleha alitoa daftari, rula na penseli za rangi tatu, akaifanya meza ya kulia kuwa ofisi ya upimaji. Mumewe, Mubarak, akawa anakula na sahani mapajani.

"Bibi wee, hata Wareno hawakupanga hivi walipokuja Maskati."

"Na ndiyo maana wakafukuzwa," Saleha alimjibu bila kuinua kichwa.

Mwisho wa njia aliuchagua mapema: Mnara wa Duara, uliojengwa karne ya kumi na saba ili wataalamu wapande kutazama nyota. Alisoma kwamba ndani yake hamna ngazi mpaka ukaribie kileleni. Kuna njia pana inayopanda kwa kuzunguka mara saba na nusu, na inasemekana mfalme mmoja wa Urusi aliipanda akiwa juu ya farasi. Jambo hili lilimkaa kichwani siku nzima. Nani aliwaza kujenga mnara namna hiyo? Farasi alishukaje? Na ikiwa farasi aliweza, goti la chuma litashindwa na nini?

Kila siku baada ya sala ya alasiri alimpigia Khole wakapita njia kipande kwa kipande. Kipande cha kwanza kiliharibika palepale, maana Saleha alikuwa amepima jua la saa nne asubuhi na kuchora njia yote upande wa kivuli, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili zake Ibra. Khole alicheka mpaka akakohoa.

"Mwezi wa tano huku ukishika kivuli, Saleha, ntakurudisha kwenu umekauka kwa baridi. Watu wa huku wanalifukuzia jua kama paka. Futa!"

Saleha akafuta, akaona haya kidogo, akahamishia njia upande wa pili.

Tatizo jingine lilikuwa namna Khole alivyoelekeza. Kwa mtu wa mjini Unguja, njia haina jina, ina wenyewe. Unakwenda mpaka kwa Muhindi fundi saa, unapinda kwa bibi muuza urojo, ukifika kwa Sharifu umepita. Khole alikuwa amekaa Kopenhagen miaka zaidi ya arubaini na mji wote ameuweka vivyo hivyo.

"Ukitoka nyumbani kwangu, shika kulia mpaka kwa Mturuki wa mikate. Huyo mkate wake, wallahi, utadhani wa ufuta wa kwetu. Jana tu nimenunua. Hapo vuka, utakuta Mpakistani wa vitambaa, salamu zake nyingi, usisimame. Halafu daraja, na maziwa kulia na kushoto."

Saleha aliandika yote. Lakini mwalimu wa ramani haridhiki na maneno matupu, akafungua simu kwenye zile picha za barabarani ambazo unasogeza kidole kama unayetembea. Akatoka nyumbani kwa Khole, akashika kulia. Pale kwa Mturuki palikuwa na duka la baiskeli. Akarudi nyuma, akahesabu milango upya. Baiskeli. Kwa Mpakistani palikuwa na ukumbi wenye vioo, vijana wananyanyua vyuma. Akaenda mbele: daraja lipo, maziwa yapo, bustani ipo, mnara upo. Mawe yote yalikuwa mahali pake, na watu wote wa Khole hawapo. Pembeni mwa picha pameandikwa tarehe ya mwaka juzi.

Akabaki na lile neno, jana tu nimenunua.

Kilichomjia kwanza kilimtia baridi. Mama mkwe wake naye alianza hivihivi, anazungumza na majirani waliokwishakufa, na baada ya hapo ikawa miaka tisa. Saleha alilifunga daftari, akamwambia Mubarak.

"Naogopa, baba watoto. Naogopa nakwenda kutembezwa na mtu ambaye keshaondoka."

Mubarak aliiweka sahani chini. "Mjaribu," akasema. "Muulize mambo ya mtaa wenu wa Malindi, kule Unguja."

Kesho yake Saleha alijifanya ana hamu ya habari za zamani. Khole akamtajia nyumba zote za mtaa wao moja moja, nani alimwoa nani, nani aliapa hatamwoa na akamwoa, na paka wa nani aliiba papa wa futari mwaka gani. Kisha akamkumbusha kwamba siku mbili nyuma yeye Saleha alisahau kumpa jibu kuhusu soksi za sufu. Akili yake ilikuwa kali kuliko ya Saleha. Mwanamke huyu hakuwa amesahau chochote.

Basi alikuwa anasema uongo. Lakini mtu anadanganya habari ya mkate kwa sababu gani? Saleha alizunguka na swali hilo sokoni Jumatano nzima, akanunua ubani ambao hakuuhitaji, akarudi nyumbani akapiga simu kabla hata ya kuvua buibui.

"Shikamoo, Da Khole."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo tunaingia bustanini?"

"Leo nataka kukuuliza kitu. Pale kwa Mturuki panauzwa baiskeli. Nimepaona. Miaka miwili sasa, labda zaidi."

Saleha akatazama kama simu imekatika.

"Da Khole, mara ya mwisho umetoka nje lini?"

"Unanihoji?"

"Nnakuuliza."

Khole akavuta pumzi. "Miaka mitatu na miezi minne," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Aliteleza kwenye barafu mlangoni, akavunjika nyonga. Nyonga ilipona, hofu ikabaki. Anakaa ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani isiyo na lifti, na siku waliyompandisha kutoka hospitali ndiyo siku ya mwisho aliyoiona barabara. Chakula analetewa, dawa analetewa. Madirisha yake mawili yanatazama ukuta.

"Kwa nini hukutwambia?"

"Mngekuja kunipakia kama furushi. Hapa ndipo alipokufa mume wangu, Saleha. Siondoki hapa kwa kubebwa."

"Nimekasirika," Saleha alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimekasirika sana, Da Khole. Umeniacha nachora njia mwezi mzima na unajua huwezi kuitembea!"

"Nilikuwa naitembea," Khole akasema. "Kila alasiri ulipopiga. Ulipofika darajani siku ile, usiku wake miguu iliniuma."

Saleha alikaa kitako sakafuni na buibui lake, na Mubarak aliyekuwa anapita akarudi jikoni kimyakimya. Alifikiri kumwambia asijali, watakaa ndani wanywe chai. Neno lilimfika mdomoni akalimeza, maana alimjua dada yake, na maana alikuwa ameshaanza kujiuliza maswali.

"Ngazi zenu ni vipandio vingapi?"

"Khamsini na nne."

"Vimekwenda moja kwa moja?"

"Tisa tisa. Kila vipandio tisa kuna mahali pa kusimama."

"Pana nini hapo?"

"Pana dirisha."

"Linatazama wapi?"

"Uani, nadhani."

"Unadhani? Miaka arubaini unapita hapo!"

"Nani husimama ngazini, Saleha? Unapita tu, una mizigo."

"Kwa hiyo hujui kuna nini."

"Sijui."

"Ajabu," alisema Saleha, na hakuwa anamchokoza, ilimshangaza kweli. "Mfalme wa Urusi nnajua alipita wapi na farasi wake, na weye hujui kilichoko nje ya mlango wako."

Akasikia simu inawekwa juu ya meza. Akaita, "Da Khole?" Hakujibiwa. Akasikia kitasa kinazungushwa, kwa shida, kama kitu kilichokaa sana, kisha ndala, kisha hasikii kitu. Saleha alisimama. Goti lilimlia. Alikuwa maelfu ya maili mbali, asiyeweza hata kunyoosha mkono, akaanza kusoma ayatul-kursi, akakosea, akaanza upya. Alijilaumu kwa kila swali alilouliza. Alimaliza mara tatu, ya nne akasikia ndala, polepole, na mtu anahema.

"Upo?" Khole akauliza.

"Nipo! Umefanya nini weye?"

"Kuna mti." Alihema tena. "Mkubwa, umechanua maua meupe mpaka juu. Na baiskeli, Mungu wangu, nyingi. Na kuna mtu kaanika mashuka, na mvua inanyesha, hana habari."

Saleha alicheka huku analia. "Na vile vipandio vingine?"

"Vile arubaini na tano vilivyobaki," akasema Khole, "uje tuvishuke pamoja."