Mstari wa Nne

Kifutio chenyewe kilikuwa chekundu upande mmoja, buluu upande wa pili, kimetobolewa katikati na kupitishwa uzi wa kiatu. Msimamizi wetu alikivaa shingoni kama mwingine avaavyo ufunguo wa sanduku. Sisi makarani wa sensa tulimwita Bwana Kifutio, akiwa hayupo. Mimi nilikishika mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo nikinusa raba iliyosuguliwa huugeuza uso.

Ilikuwa sensa ya kwanza ya kujihesabu wenyewe baada ya uhuru. Mama alisema enzi zao watu walihesabiwa vibanda, kisha mtu fulani ofisini akazidisha. Safari hii waliitwa waliomaliza shule ya msingi, wenye mwandiko wa kusomeka. Tukafundishwa siku sita, tukaapishwa, mikono juu. Bwana Kifutio, mwalimu mkuu mstaafu, alitwambia sensa ni picha, na picha hupigwa mara moja.

"Yetu inapigwa saa sita kamili usiku. Aliyekuwa hai saa sita, mwandike, hata kama asubuhi umekuta msiba. Aliyezaliwa saa sita na dakika moja, mngojee miaka kumi."

Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nilipangiwa mtaa wetu. Asubuhi ile nilitoka na begi la turubai, penseli mbili na kipande cha chaki. Kila nyumba nikiimaliza naandika mlangoni namba yake, kistari cha mshazari, na idadi ya watu. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya dada yangu, tuliyechangia naye ziwa moja.

Nilijua mimba yake imetimia. Sikujua kwamba uchungu ulikuwa umemshika jana yake. Mkunga nilimkuta barazani akiosha mikono kwenye beseni. Hakuinua macho.

"Ingia taratibu," alisema.

Dada alikuwa kitandani, mgongo ukutani. Pembeni yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kidogo kama mkate.

"Alilia," aliniambia kabla sijaketi. "Usije ukaambiwa hakulia. Alilia, akanyonya, akanishika kidole. Kulipopambazuka, akachoka."

Nilimshika mguu, maana sikujua pengine pa kumshika. Tukalia sote. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akatazama begi langu.

"Toa karatasi zako."

"Dada, hiyo ingoje."

"Utairukaje nyumba ya kumi na moja, karani? Andika."

Nikaandika. Mstari wa kwanza shemeji, ambaye hata hakulala pale; alikuwa zamu ya usiku kiwandani, lakini watu wa zamu tuliagizwa tuwahesabu kwao. Wa pili dada. Wa tatu mwanawe wa miaka mitatu, aliyekuwa amepelekwa kwa jirani tangu alfajiri. Hapo penseli ikasimama.

"Alizaliwa saa ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. "Kabla ya reli."

Kiwanda cha magunia kilikuwa na mlinzi aliyegonga kipande cha reli kila saa, na mtaa mzima haukuhitaji saa nyingine. Nikamfuata mkunga barazani, nikamuuliza.

"Reli ya saa sita iligongwa kichwa hakijatoka," alinong'ona. "Lakini mwanangu, hiyo karatasi ina masikio?"

Nikarudi ndani. Mstari wa nne: Mtoto, kike, umri sifuri. Jina hakuwa nalo bado. Dada hakujua kusoma. Aliniomba nimwonyeshe ni upi. Akaweka kidole pale, akakiacha.

"Basi yupo," alisema.

Nikatoka, nikaandika mlangoni kwa chaki: 11/4.

Saa nne Bwana Kifutio akanikuta hapo hapo barazani. Akaketi kwenye benchi, akapitia fomu.

"Sifuri, kike. Mbona nyumba ya mtoto mchanga iko kimya hivi?"

"Amefariki alfajiri."

Akavua kofia. "Poleni sana." Akautazama tena ule mstari. "Alizaliwa saa ngapi?"

Ningeweza kusema kabla. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeapa, tena ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima mwenye kofia ya serikali kuutegemea ulimi wangu.

"Baada ya reli."

Akautoa uzi shingoni, akanipa. "Sheria ni msumeno, binti yangu. Aliyeandika ndiye anayefuta."

Nikafuta. Karatasi za serikali zilikuwa ngumu, na raba ina sauti yake. Dirisha lilikuwa wazi, limezibwa na pazia tu. Nilifuta Mtoto, nikafuta kike. Sifuri ikagoma, nikaisugua mpaka karatasi ikaota manyoya. Nikapuliza takataka zake.

Sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Haya."

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Alinipikia, akaja kunishika mikono nilipojifungua wangu, lakini jambo lile lilikaa kati yetu kama kiti ambacho hakuna anayekikalia. Mlango ndio niliousahau. 11/4 ilibaki pale, na dada hakuruhusu mtu aupanguse, mpaka mvua za upepo zilipokuja zikaupangusa zenyewe.

Sensa ya pili walikuja na kalamu za wino. Ya tatu walibandika stika, wakauliza habari za redio na choo. Kila siku ya sensa dada alitoka mapema, akamwachia shemeji ajibu. Mimi ukarani sikuuomba tena.

Sasa sote ni wajane, tunaishi nyumba moja, na sensa ya mwisho magoti yalimsaliti dada, hakuweza kutoka. Akaja binti mwembamba na kishikwambi mkononi.

"Bibi, umejaliwa kuzaa watoto wangapi waliozaliwa hai? Hata kama alilia mara moja tu."

Swali hilo lilikuwa limechelewa kutufikia miaka hamsini na kitu. Dada alinigeukia mimi.

"Muulize huyu. Yeye ndiye karani."

"Wanne," nikasema.

"Walio hai?"

"Watatu."

"Na aliyefariki?"

"Wa kike. Alilia, akanyonya, akamshika mama yake kidole."

Binti akatazama kioo, akitafuta pa kuyaweka hayo. "Hapa pana nafasi ya kike tu, bibi."

"Inatosha."

Dada akainama kukichungulia kile chombo. "Hicho nacho kina kifutio?"

Binti akacheka. "Kipo, bibi. Ila nikishatuma, sina namna ya kufuta."

"Basi tuma."

Akatuma. Dada aliendelea kukitazama kioo mpaka kikazima, kisha akaegemea kiti chake.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Sasa umemaliza."