Jiwe Chini ya Gurudumu

Mtaa ule ulikuwa na sheria moja tu, na hakuna ofisi iliyowahi kuiandika: ukiegesha gari, usivute hendibreki. Acha gia fri, weka jiwe chini ya gurudumu, nenda zako ukalale. Njia ni nyembamba. Anayetaka kupita anaondoa jiwe, anasukuma gari la jirani hatua chache, anapita. Aliyeileta sheria hiyo ni Dereva, mume wa Mama Cherehani, enzi akiendesha mabasi na miguu yote miwili ikiwa mizima.

Kisha likaja ghorofa, na vibali vya kuegesha nyuma yake. Wapangaji wapya waliandika barua halmashauri: mtaa umejaa magari chakavu, uwekewe utaratibu, magari ya wakaidi yafungwe minyororo. Halmashauri ikasikia upesi ajabu. Kibali kimoja kwa kila namba ya mlango. Ghorofa lenye milango arobaini likapewa arobaini. Nyumba ya akina Mama Cherehani, familia nne chini ya namba moja, ikapewa kimoja, cha nafasi moja tu mbele ya kizingiti. Mwenye nacho huongezewa, na hiyo eti ndiyo haki! Familia nyingine tatu hazikubishana. Zilimwachia yeye, kwa sababu mara tatu kwa wiki lazima Dereva afike hospitali saa moja kamili kusafishwa damu. Ukichelewa, kitanda anapewa mwingine. Kinyozi wa chumba cha mbele tangu hapo analaza pikipiki yake ndani, miguuni pa mkewe.

Jumatano moja alfajiri lori la samani za mpangaji mpya wa ghorofa lilikwama njiani. Mama Cherehani alikuwa ndani akimvisha mumewe shati. Kinyozi na jirani yake fundi viatu wakafanya walivyofanya miaka yote: wakasukuma gari la Mama Cherehani mbele hadi ukutani, wakarudisha jiwe. Mazoea yana taabu. Ukuta ulibomolewa mwezi uliopita, na sasa pale ni geti la ghorofa. Lori nalo likajipachika kwenye nafasi yake, likaanza kushusha makochi.

Mama Cherehani alipotoka akimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu, alikuta mnyororo wa njano umekwishafungwa kwenye gurudumu, na mkaguzi wa maegesho anaandika.

"Kaka, kibali hicho hapo kiooni!"

"Cha nafasi kumi na saba, mama. Hapa si kumi na saba."

"Kumi na saba si limekaa lori?"

"Lori lina ruhusa ya kuhamisha."

"Nina mgonjwa, mwanangu. Fungua tu, nikirudi nitakuja ofisini kwenu."

"Mimi nafunga. Wanaofungua ni wengine. Piga simu, wanaanza saa nane mchana."

"Mwache, katumwa," Dereva alisema.

"Katumwa, lakini macho ni yake!"

Mkaguzi akaondoka. Geti likafunguliwa, gari la kwanza likapiga honi, nyuma yake yakapangana mengine. Akashuka bwana mmoja mwenye tai.

"Mama, tunachelewa kazini. Sogeza gari lako."

"Sukuma tu, baba. Liko fri."

Maskini, akaweka mikono akasukuma kweli.

"Ondoa jiwe kwanza," Dereva alimwelekeza, na kinyozi akaangua kicheko. Ndipo yule bwana akauona mnyororo.

Alitoa simu. Hakubembeleza mtu. "Tumezibiwa geti," alisema, basi. Dakika kumi hazikuisha, akaja kijana na ufunguo. Mama Cherehani alipouona ufunguo ule hasira zilimpanda kuliko alipouona mnyororo.

"Kumbe saa nane ni yetu sisi tu!"

Kijana akafungua mnyororo. Wa ghorofani walikuwa wanawasha magari.

Hospitali walifika saa moja na dakika kumi. Kitanda kilikuwa na mtu. Walikaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri, uso wa Dereva umevimba, naye anamwambia mkewe asijali.

Jioni lori lilikuwa limeondoka. Mama Cherehani aliegesha katikati ya mistari myeupe, akazima injini, akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote. Ilikwaruza kwa kutu.

Dereva akageuza shingo. "Na kinyozi akitaka kupita?"

"Apige simu."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, na papo hapo aibu ikamshika, maana kinyozi alikuwa kizingitini, mikono ya shati ameikunja, anasubiri kumbeba mzee kumwingiza ndani.